Nilimwambia mke wangu hizi ni nyepesi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, nina miaka 55. Marekani nilifika mwaka 1995, na ni hapa Houston nilipooa, nikazaa, nikaota mvi. Naendesha lori. Pombe sinywi, kamari sichezi, lakini sigara navuta. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, kule kule Tanga, za kununua mojamoja kwenye meza ya muuza karanga.

Mwaka 1998 mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza aliniambia waziwazi kwamba moshi na kichanga havikai nyumba moja. Kuacha nilishindwa. Mwenzangu kazini, mtu mzima niliyemheshimu, akaniambia hamia hizi, akanionyesha pakiti yake nyeupe iliyoandikwa "Lights". Nikajaribu. Kweli, Mjomba, zilikuwa laini, hazikwaruzi koo kama zile nilizozizoea. Nikarudi nyumbani nikamwonyesha mke wangu ile pakiti kama mtu anayeonyesha cheti cha shule: soma mwenyewe, hizi ni nyepesi, lami kidogo, nikotini kidogo, nitavuta hizi huku najitoa polepole. Akakubali, sharti nivutie nje.

Huko kujitoa polepole hakukutokea. Zamani nilikuwa navuta kama kumi kwa siku. Haukupita mwaka nikawa namaliza pakiti nzima, ishirini. Hilo mke wangu hakulijua, kwa sababu pakiti ya pili ilikuwa inakaa kwenye lori. Akiniuliza namwambia ni zile zile kumi. Nikitaka kumfurahisha nasema nane.

Mwishoni mwa 2024 tulisimama kwenye kituo cha mafuta, akaingia dukani kulipa na kununua maji. Akachelewa. Alipotoka alikuwa amepiga picha kibao kilichowekwa pale kwenye rafu ya sigara. Kilisema mahakama imeyaamuru makampuni ya sigara yaeleze kwamba wanaovuta sigara nyepesi huingiza lami na nikotini karibu sawasawa na wanaovuta za kawaida. Akanisomea neno kwa neno, mimi nimeshika pampu mkononi. Akamaliza, akasema, "Miaka ishirini na sita, baba watoto." Akaingia garini.

Tangu siku hiyo nyumba imepoa. Chakula napewa, salamu naitikiwa, basi. Anasema nilimdanganya. Mimi nasema na mimi nilidanganywa, tena na watu wenye maabara na mawakili. Shemeji yangu amelidakia: anasema tushitaki, kuna watu walipewa mabilioni.

Na kuna la tatu, ambalo sijamwambia mtu. Kila nilipokwenda Tanga nilimpelekea mdogo wangu katoni mbili za zile nyeupe, zawadi ya Ulaya. Alikuwa mvutaji wa sikukuu tu. Ni mimi niliyemwambia, vuta hizi, hazina neno. Siku hizi hanisubiri mimi na katoni zangu. Ananunua mwenyewe, anachagua pakiti nyeupe. Juzi nilimpigia simu, akakohoa mpaka nikamwomba apumzike. Na mimi nakohoa asubuhi, ila mimi ni kikohozi changu cha siku zote.

Nieleze, Mjomba. Tulidanganywa kweli, au tulijidanganya? Nina kesi? Na mke wangu nimwambie nini?

Mpwa wako,
Dereva wa Houston

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya tarakimu tatu: kumi, ishirini, nane. Tutazirudia.

Swali lako la kwanza: ndiyo, mlidanganywa. Sisemi hivi kukupoza moyo. Serikali ya Marekani iliyashitaki makampuni makubwa ya sigara mwaka 1999, kwa sheria iliyotungwa kuyabana magenge ya wahalifu. Kesi ilisikilizwa miezi tisa, na Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington akatoa hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600. Katika mengi aliyoyakuta, moja lilikuwa hili lako: makampuni yalizinadi sigara nyepesi kana kwamba zina madhara machache, ilhali yalijua kwa miaka mingi kwamba sivyo. Akayapiga marufuku kutumia maneno kama "light", "mild" na "low tar", na akayaamuru yauambie umma ukweli kwa gharama zao.

Kile kibao cha kituo cha mafuta ni mtoto wa hukumu hiyo. Tena mtoto aliyechelewa kuzaliwa. Makampuni yalikata rufaa yakashindwa 2009, Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi 2010, kisha wakavutana mahakamani juu ya maneno gani hasa yaandikwe. Matangazo ya magazeti na televisheni yalianza Novemba 2017. Vibao vya madukani vilianza kubandikwa 2023. Kutoka hukumu mpaka kaunta, miaka 17. Kwa pakiti yako moja ya kila siku, katika muda huo umechoma sigara zaidi ya laki moja na ishirini elfu. Kwa hiyo ukisema uliambiwa kwa kuchelewa, nakubaliana nawe, na hasira yako ina mahali pa kusimama.

Lakini nataka uelewe udanganyifu wenyewe ulivyokaa, maana watu wengi hudhani kampuni iliandika tu neno la uongo juu ya karatasi. Laiti ingekuwa hivyo. Uongo huu ulijengwa ndani ya sigara.

Lami na nikotini ya sigara zilipimwa kwa mashine. Tangu 1967 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikuwa na utaratibu wake: mashine inapiga pafu, yaani mvuto mmoja wa moshi, la mililita 35, kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika, mpaka sigara ikaribie kichungi. Kila pafu sawa na la kabla yake. Mashine haina foleni ya magari, haina bosi, haijafiwa, haijaamka na hamu. Sasa ukitaka mashine hiyo isome tarakimu ndogo, hulazimiki kupunguza sumu kwenye tumbaku. Unatoboa tu matundu madogo, madogo mno, kuzunguka karatasi ya kichungi. Mashine inapovuta, hewa inapenya matunduni na kuuchanganya moshi, na tarakimu inashuka. Chukua kichungi cha sigara yako ukiinue mbele ya taa, ukitazama vizuri utayaona.

Mtu je? Mtu anaishika sigara hapo hapo kwenye matundu kwa vidole viwili, au anayafunika kwa midomo. Na hata asipoyafunika, mwili wake umezoea kiwango fulani cha nikotini na utaidai. Basi anavuta pafu refu, anameza ndani zaidi, anavuta harakaharaka, anaivuta mpaka kipisi kinamchoma kidole, au anaongeza idadi. Watafiti wana neno lao kwa tabia hii, sisi tuseme anafidia. Wewe uliifidia kwa idadi. Kumi zikawa ishirini.

Na wenyewe walijua. Hili ndilo lililonifanya niiweke chini kalamu. Marlboro Lights ziliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1975 watafiti wa ndani wa Philip Morris, kampuni iliyozitengeneza, waliwapima wavutaji kwa kifaa kinachorekodi namna wanavyovuta, na taarifa yao ikasema kwamba waliovuta Lights hawakupata punguzo lolote la moshi walioingiza. Mwaka 1975! Wewe ulikuwa na miaka mitano, unacheza gololi Ngamiani. Ile pakiti nyeupe ulipokabidhiwa 1998, majibu ya kipimo yalikuwa yamekaa kabatini miaka 23. Sijui wewe ulivuta chapa ya nani, na hukutaja, vizuri. Lakini ufundi wa matundu ulikuwa wa soko zima.

Nenda kwenye kisahani chako cha majivu ufanye jambo moja. Chukua vipisi vitano vya jana uvitazame upande uliokuwa mdomoni. Kipisi ambacho matundu yake yaliachwa wazi huwa na doa la kahawia katikati na pete nyeupe pembeni, kwa sababu hewa imeingia kwa kando. Kipisi kilichozibwa kwa vidole au midomo kimekolea kahawia mpaka ukingoni. Hesabu mwenyewe viko vingapi vya namna gani.

Ule ulaini ulioufurahia nao haukuwa wa kubuni. Moshi uliochanganyika na hewa haukwaruzi koo, ndiyo maana ulisadiki. Koo lako lilikuambia kweli kuhusu koo, na wewe ukaichukua kuwa habari ya mapafu. Makampuni yalipoulizwa mahakamani yalijitetea kwamba neno lile lilihusu ladha tu, wala hayakumwahidi mtu afya. Ni utetezi ambao mtu hawezi kuutoa bila kutazama pembeni. Miaka ya 1970 kulikuwa na sigara Marekani iliyoitwa True, na tangazo lake lilimwonyesha mvutaji akisema kwamba kelele zote kuhusu uvutaji zilimfanya aone ni ama aache, ama avute True. Basi anavuta True. Ladha hapo iko wapi? Tangazo linazungumza na mtu aliyeshika mlango akitaka kutoka, linamvuta shati.

Na huyo mtu ndiye wewe, 1998, una kichanga ndani. Anayeipenda sigara yake bila wasiwasi haitafuti nyepesi. Nyepesi ziliuzwa kwa wenye hofu, na Jaji Kessler aliliona hilo: maneno yale yalitumika kuwazuia watu wasiache. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya sigara zilizouzwa Marekani zilikuwa za jamii hiyo ya lami ndogo kwa kipimo cha mashine. (Tena kabla ya hapo kulikuwa na vichungi vya ajabu zaidi. Sigara za Kent, kati ya 1952 na 1956, zilikuwa na kichungi kilichosifiwa kwa usalama, na ndani yake mlikuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazoleta kansa. Mimi nilivuta miaka kumi na mmoja kabla sijaacha, na niliposoma habari hiyo nilikohoa kwa hisia tu.)

Madhara hayakupungua. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya 2014 ilikwenda mbali zaidi: ilihitimisha kwamba mabadiliko ya jinsi sigara zinavyotengenezwa tangu miaka ya 1950 yamechangia kuongezeka kwa aina moja ya kansa ya mapafu, adenokasinoma, ile inayoota pembezoni mwa pafu. Huko ndiko moshi hufika mtu akivuta pafu refu.

Sasa turudi kwenye kumi, ishirini, nane.

Neno lililoandikwa kwenye pakiti ni la kampuni. Hilo ulipelekewa, nawe ukampelekea mke wako kama ulivyolipokea. Yeye akikuambia ulimdanganya kuhusu wepesi wa sigara, una haki ya kusema hukujua. Lakini pakiti ya pili iliyokaa kwenye lori haikuwekwa na kampuni. Ile nane ya kumfurahisha mkeo hakuisema mwenye maabara. Sidhani kwamba kilichoipoza nyumba yako ni kile kibao peke yake. Mwanamke aliyefua nguo zako miaka ishirini na sita anajua harufu ya sigara nane na harufu ya ishirini. Kibao kilimpa tu mlango wa kuingilia.

Usimwendee na hukumu ya Washington mkononi. Ukianza na makampuni, atasikia wakili. Anza na lori: mwambie, mama watoto, nilikuwa navuta ishirini, nilikuwa naficha, na nilikuwa nakuambia nane. Kaa kimya. Atakachosema hapo hakitakuwa kitamu, kipokee. Habari za matundu na mashine na mwaka 1975 mpe baadaye, akikuuliza, nazo atazisikiliza kwa sikio jingine kabisa.

Kuhusu kesi, shemeji yako kasikia kengele ila hakujua inalia wapi. Kweli, mwaka 2003 jaji mmoja wa Illinois aliiamuru Philip Morris ilipe dola bilioni 10.1 katika kesi ya wavutaji wa sigara nyepesi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifuta, kwa hoja kwamba serikali ya shirikisho yenyewe ilikuwa imeyaruhusu maneno yale. Desemba 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano kwa nne, ilisema sheria ya shirikisho haiwazuii wavutaji kushitaki udanganyifu kwa sheria za majimbo yao. Wale walikuwa wavutaji wa Maine. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa. Lakini mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilivunja kesi ya pamoja ya mamilioni ya wavutaji, iliyodai hadi dola bilioni 800. Sababu yake itakugusa: kila mvutaji alikuwa na sababu yake ya kununua, hivyo kila mmoja angepaswa kuthibitisha kwamba yeye, nafsi yake, alinunua kwa kuliamini lile neno. Mwingine alipenda ladha, mwingine aliiga rafiki.

Na ile kesi kubwa ya serikali haikumlipa mvutaji senti. Serikali ilitaka kuyanyang'anya makampuni faida waliyoipata, ikazuiwa na mahakama ya rufaa mwaka 2005. Ndiyo maana adhabu ikawa maneno: matangazo na vibao.

Ushauri wangu ni kwamba umwone wakili wa Texas mara moja, yule asiyedai malipo ya kumwona, na swali la kwanza liwe juu ya ukomo wa muda. Neno "light" liliondolewa kwenye pakiti Juni 2010 kwa sheria iliyotiwa saini mwaka uliotangulia, kwa hiyo dai lako la neno hilo lina umri. Yaliyofuata ni rangi. Wakati huo pakiti za Marlboro Lights zilibandikwa kikaratasi kilichowaambia wateja kwamba pakiti inabadilika ila sigara yao ni ile ile, na siku zijazo waombe Marlboro ya pakiti ya dhahabu. Neno likatoka, rangi ikakaa kwenye kiti chake. Ukienda kwa wakili huyo atakuuliza ulivuta ngapi kwa siku. Unaona ile tarakimu inavyokufuata.

Itakufuata na hospitalini, na huko ndiko ninakotaka uende kabla ya kwa wakili. Marekani wanashauri kwamba mtu wa miaka 50 mpaka 80 aliyevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, apimwe mapafu kila mwaka kwa CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ya mionzi kidogo. Bima nyingi hulipia kipimo hicho bila kukudai. Ukimwambia daktari "nane kwa siku, tena nyepesi", kwa hesabu yake utaangukia nje ya mstari na hutapimwa. Ukimwambia ishirini kwa siku tangu 1998, na kumi kwa siku miaka tisa kabla yake, uko ndani kabisa. Usikate hata moja kwa sababu ya rangi ya pakiti. Daktari anahesabu pakiti, hapimi wepesi. Kipimo hicho wakati mwingine huonyesha kidoa kisicho na maana na kukutia hofu ya bure, ujue hilo mapema, lakini nenda.

Isipokuwa kile kikohozi cha "siku zote". Hicho usikipeleke kwenye foleni ya uchunguzi wa kila mwaka. Mwambie daktari wako wiki hii, na kama kimebadilika sauti, au kina damu, au suruali zinakuvuka, mwambie leo.

Kuacha utaacha vipi? Uliyoyajaribu 1998 hayakuwa kuacha, kwa hiyo usijiambie ulishindwa. Piga 1-800-784-8669, ni simu ya bure ya kuwasaidia wavutaji, itakuunganisha na huduma ya jimbo lako. Muulize daktari juu ya viraka vya nikotini vya kubandika mwilini pamoja na bazoka ya nikotini ya kutafuna, maana vikitumika pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake, au dawa ya vidonge iitwayo vareniklini. Wewe ni dereva, kwa hiyo adui yako ni kile kiti. Ondoa kiberiti, osha lori ndani, weka kitu cha kutafuna pale ilipokaa pakiti ya pili. Mtu aliyeacha kwa miaka kumi, hatari yake ya kufa kwa kansa ya mapafu hushuka kufikia karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Utakuwa na miaka 65, bado unaweza kumbeba mjukuu.

Nimebakiza mdogo wako, na najua ndiye aliyekufanya uandike barua.

Tanga hakuna kile kibao. Mahakama ya Washington haifiki huko. Kuna mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku chini ya Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2005, na Tanzania iliingia 2007, Kenya ikiwa imetangulia 2004. Kifungu cha 11 kinakataza pakiti kuwa na maneno kama hayo, na hata alama yoyote inayompa mtu dhana ya uongo kwamba sigara hii ina madhara machache kuliko ile. Lakini mdogo wako hakuambiwa na pakiti. Aliambiwa na kaka yake aliyetoka Marekani, amebeba katoni mkononi, na neno la kaka halisubiri kifungu cha mkataba. Hatalifuta daktari wa hospitali ya Bombo wala tangazo la redio. Atalifuta aliyelisema.

Usimhubirie, na usianze na kansa, atakata simu au atacheka. Mwambie: zile nyeupe nilizokuwa nakuletea ni sawa na nyingine zote, nilikuambia hazina neno, nilikosea, na mimi nazitupa. Mweleze habari ya matundu, mwambie akitazame kichungi chake kwenye mwanga, hilo atalipenda kwa sababu linashikika. Akisema "lakini hizi ni laini", mwambie hata wewe ulisema hivyo. Kisha muulize anavuta ngapi, na kabla hajajibu mtajie zako, ile ya kweli. Halafu akipeleke kwa daktari kile kikohozi, na nauli umtumie wewe badala ya katoni.

Majira ya baridi, saa tatu usiku ya Houston ni saa kumi na mbili asubuhi Tanga. Mpigie wakati huo, umpate kabla hajawasha ya kwanza.

Mjomba